Msinunue hisa za mwaka 2038

Haya basi, wasomaji wangu. Leo sina somo la programu wala habari za simu mpya. Leo nina hasira, na nitaimwaga yote hapa.

Tangu mwezi uanze watu wanne wameniuliza swali lile lile, na wawili kati yao hatujawahi kuonana ana kwa ana: "Ndugu, si wewe ndiye mtu wa tarakilishi? Hebu tuambie ni kampuni gani inayorekebisha lile tatizo la mwaka 2038, tununue hisa zake mapema." Mmoja alinitumia andiko la kurasa kumi na mbili, limejaa michoro ya mishale inayopanda, linalodai kwamba aliyekosa utajiri wa Y2K amepewa na Mungu nafasi ya pili. (Sahihi ya Mungu sikuiona. Niliitafuta.)

Jibu langu fupi: msinunue. Jibu refu ndilo hili, na kikombe cha chai kitakufaa.

Kwanza tatizo lenyewe, kwa sababu ni la kweli, na sitaki mtu aseme nimelidharau. Mifumo ya ukoo wa Unix haihesabu siku na miezi kama sisi. Inahesabu sekunde, kuanzia usiku wa manane wa kuamkia tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za Greenwich. Kwa miaka mingi hesabu hiyo ilitunzwa katika kisanduku cha biti 32, biti moja ikiwa na kazi ya kuonyesha kama namba ni chanya au hasi. Kisanduku hicho kinajaa kikifika 2,147,483,647. Sekunde hiyo itaangukia Jumanne tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki, na sekunde saba juu yake. Sekunde inayofuata kisanduku hakirudi sifuri kama mita ya kilomita ya gari kuukuu. Kinageuka hasi, na mashine inaamini kwamba leo ni tarehe 13 Desemba 1901. Huo ndio mwezi ambao reli kutoka Mombasa ilifika ziwani, Kisumu ikiitwa Port Florence. Hebu fikiria riba ya mkopo wako wa nyumba ikipigwa kutoka mwezi huo.

Tena ana ndugu ambaye hatajwi sana. Itifaki ya NTP, ambayo mashine hutumia kuulizana saa kwenye mtandao, inahesabu sekunde tangu mwaka 1900 kwa biti 32, na kaunta yake itajaa tarehe 7 Februari 2036, saa tatu na dakika 28 asubuhi kwetu. Yaani karibu miaka miwili kabla. Lile andiko la kurasa kumi na mbili halina neno moja kuhusu NTP. Mtu anakuomba pesa kwa ajili ya msiba wa tarehe, na tarehe ya kwanza haijui!

Sasa tuje kwenye utajiri wa Y2K, kwa sababu hapo ndipo uongo ulipojificha.

Mimi wakati huo nilikuwa sijaanza hata chekechea, kwa hiyo sisimulii niliyoyaona. Nasimulia yaliyo kwenye kumbukumbu, na ni mengi. Chanzo kinajulikana: zamani nafasi ya kuhifadhi data ilikuwa ghali mno, waandishi wa programu wakaandika mwaka kwa tarakimu mbili, 67 badala ya 1967, na programu ambazo walidhani zitastaafu zikakataa kustaafu. Mwezi Septemba 1993 Peter de Jager aliandika katika gazeti la Computerworld makala iliyoitwa "Doomsday 2000", na wengi wanaihesabu kuwa ndiyo iliyowaamsha wakubwa wa makampuni. Kampuni ya utafiti ya Gartner ikatoa makadirio yake: kurekebisha dunia nzima kutagharimu kati ya dola bilioni 300 na bilioni 600.

Namba kama hiyo ikitajwa, wenye pesa hawalali. Wakaanza kutafuta nani atalipwa mabilioni hayo. Wakapata majina: Viasoft ya Phoenix, Zitel ya California, Data Dimensions karibu na Seattle, Peritus ya Massachusetts, Keane ya Boston, Computer Horizons ya New Jersey. Mwaka 1997 soko la American Stock Exchange mjini New York lilifikia hatua ya kuanzisha mikataba ya kubahatisha juu ya faharisi ya kampuni za Y2K, faharisi yenyewe ikibeba jina la huyo huyo de Jager. Mtu anayeonya juu ya mafuriko, halafu kuna soko la kubashiri bei ya mitumbwi lenye jina lake. Simlaumu yeye. Nashangaa tu.

Je, waliotia pesa huko walitajirika?

Zitel ndiyo simulizi ninayoipenda kuliko zote. Hii ilikuwa kampuni ya vifaa vya kuhifadhi data. Lakini ilikuwa na sehemu ya umiliki katika kampuni nyingine, MatriDigm, iliyodai kuwa na mtambo wa kusafisha programu za COBOL kwa wingi, kama kiwanda. Kwa sababu ya sehemu hiyo tu, hisa za Zitel zilipanda mara kadhaa ndani ya mwaka 1996. Kiwanda cha kusafisha COBOL hakikuleta pesa zilizoahidiwa, na kufikia mwaka 1999 hisa zile zilikuwa zimeporomoka. Soma tena mwaka huo. Siyo 2000. Zilianguka kabla ya tarehe yenyewe kufika, wakati dunia bado inahangaika kurekebisha!

Peritus iliingia sokoni mwaka 1997 kwa shangwe, na mwaka 1998 ilikuwa inapunguza wafanyakazi. Keane, ambayo ilikuwa kampuni kubwa, yenye heshima na kazi nyingine nyingi, ilifika kilele mwaka 1998 na kabla ya mwaka 1999 kwisha ilikuwa imepoteza zaidi ya nusu ya bei yake. Viasoft ilitaka kununuliwa na Compuware mwaka 1999, serikali ya Marekani ikaenda mahakamani kuzuia, mpango ukafa, na mwaka 2000 ikachukuliwa na Allen Systems Group. Data Dimensions ilimezwa na Lionbridge mwaka 2001. Hata mawakili waliokuwa wakinoa kalamu kwa ajili ya kesi za Y2K hawakupata sherehe waliyoitarajia: Julai 1999 Rais Clinton alitia sahihi sheria iliyobana kesi hizo, halafu Januari ikaja na madhara hayakutosha kumlisha wakili yeyote.

Sasa, mtu wa andiko la kurasa kumi na mbili atakwambia hao walikuwa na bahati mbaya, walichagua vibaya. Hapana. Ukichunguza unaona ni jambo lile lile kila mahali, na lipo kwenye aina ya biashara yenyewe.

Hisa ni nini? Ukinunua hisa unanunua haki ya faida ya kampuni kwa miaka ijayo. Ukilipa bei ambayo ni mara arobaini ya faida ya mwaka mmoja, unasema kwa pesa zako kwamba kampuni hii itaendelea kupata, na kupata zaidi, kwa muda mrefu sana. Kampuni ya kurekebisha tarehe ina wateja mpaka siku fulani inayojulikana na kila mtu, iliyochapishwa kwenye kalenda. Baada ya siku hiyo wateja wote wanaondoka pamoja, asubuhi moja. Tena hawangojei siku yenyewe. Mteja mwenye akili anamaliza kazi mwaka mmoja au miwili kabla, kwa sababu anataka muda wa kufanya majaribio. Ndiyo maana bei zilianza kuanguka mwaka 1997 na 1998. Soko liliona mwisho wa barabara kabla ya gari kufika.

Kuna jambo la pili, na hili nalijua kwa mikono yangu. Kurekebisha tarehe ni kazi ya vibarua. Naam, vibarua wenye shahada, lakini vibarua. Unafungua msimbo ulioandikwa na mtu aliyekwisha kuhama, unatafuta kila mahali palipo na tarehe, unabadilisha, unajaribu, unakuta umevunja kitu kingine, unarudi. Hakuna siri ya kuhodhi hapo. Programu ya benki hii haifanani na ya benki ile, kwa hiyo ulichojifunza huku hukiuzi kule bila kuanza upya. Mtambo unaofanya kazi yote peke yake ndio ambao wawekezaji wa 1996 walidhani wameununua, na haukuwepo. Pesa nyingi za Y2K zililipwa kama mishahara na malipo ya saa. Wala wengi hawakuajiri mtu wa nje. Mabenki na wizara walitumia watu wao wenyewe, wakawarudisha wastaafu wa COBOL kutoka mashambani kwao.

Na wateja walikuwa wabahili, kama wateja wote. Njia safi ilikuwa kupanua mwaka uwe tarakimu nne kila mahali. Njia ya rahisi iliitwa dirisha: unaiambia programu kwamba 00 hadi 29, kwa mfano, ni miaka ya elfu mbili, na 30 hadi 99 ni ya elfu moja mia tisa. Hurekebishi data hata kidogo, unasogeza tu tatizo mbele kwa miaka thelathini. Wengi walichagua dirisha. Kama ungekuwa mwenye hisa za kampuni iliyotarajia kazi ya upanuzi, hapo ndipo gawio lako lilipopotelea.

Msinielewe vibaya. Kuna kundi jingine linalonikera zaidi ya wauza hisa: wale wanaosema Y2K ilikuwa hadithi ya kutisha watoto kwa sababu usiku ule ndege hazikuanguka. Hazikuanguka kwa sababu watu walifanya kazi. Mahali ambapo kazi haikufanywa vizuri, watu waliumia. Kule Sheffield, Uingereza, mfumo wa maabara uliopima uwezekano wa mtoto kuzaliwa na Down ulikosea umri wa wajawazito baada ya mwaka kugeuka, na zaidi ya wanawake 150 wakapewa majibu yasiyo sahihi. Umri wa mama ndio moyo wa hesabu ile. Hapakuwa na moshi, hapakuwa na king'ora, palikuwa na karatasi yenye namba isiyo sahihi mkononi mwa mjamzito. Anayesema ilikuwa uongo aende akawaambie hao.

Basi turudi 2038. Nani anairekebisha?

Hapa ndipo ninapotaka mwekezaji anyamaze dakika mbili anisikilize. Sehemu kubwa ya kazi ngumu imeshafanywa, na imetolewa bure. NetBSD ilihamia hesabu ya biti 64 katika toleo la 6.0 mwaka 2012. OpenBSD ikafuata katika toleo la 5.5 mwaka 2014, na hao hawabembelezi mtu, walibadilisha kila kitu kwa mkupuo. Kwenye Linux, mashine mpya za biti 64 hazikuwa na shida kubwa. Tabu ilikuwa mashine za biti 32, zile ndogo zilizofichwa ndani ya vifaa. Kundi la wahandisi, Arnd Bergmann akiwa kati ya walioongoza, walikaa miaka wakipekua kiini cha Linux faili kwa faili, na mwezi Machi 2020 toleo la 5.6 likatoka likiwa la kwanza kuweza kuvuka mwaka 2038 kwenye mashine hizo. Maktaba ya glibc ikapata uwezo huo katika toleo la 2.34, Agosti 2021. Debian 13 ya Agosti 2025 imejengwa upya kwa saa ya biti 64 karibu kwenye aina zote za mashine inazozihudumia, isipokuwa ile ya zamani ya i386 ambayo imeachwa makusudi kwa ajili ya programu za kale.

Hisa za hao zinauzwa wapi? Haziuzwi. Baadhi yao ni waajiriwa wa makampuni yenye shughuli nyingine kabisa, wengine ni watu wa kujitolea. Msimbo uko wazi, uingie usome. Kiraka kilichoandikwa na mtu mmoja barani Ulaya kinafika kwenye seva ya chuo kule Eldoret bila shilingi moja kupitia kwa dalali. Kwa biashara ya dalali huo ni msiba. Kwa sisi wengine ni neema.

Najua hoja inayofuata, nimeshaletewa: "Lakini Wahindi je?" Ni hoja nzuri kuliko zote, kwa hiyo nitaiheshimu. Ni kweli kwamba makampuni ya India kama Infosys, Wipro na TCS yalipata kazi nyingi za Y2K kutoka Marekani na Ulaya, na Infosys iliorodheshwa Nasdaq mwezi Machi 1999. Aliyenunua Infosys wakati huo akatulia nayo miaka mingi alivuna. Lakini alivuna kutokana na nini? Kwa makampuni yale Y2K ilikuwa mlango tu. Waliingia kusafisha tarehe, wakaonyesha kwamba kazi inaweza kufanywa Bangalore kwa gharama ndogo na kwa uaminifu, wakabaki ndani kwa kazi nyingine za kila aina. Walioifanya Y2K kuwa nyumba walibaki nje mwaka ulipogeuka. Na kutoka nje ungejuaje nani ni yupi? Satyam nayo ilikuwa kati ya makampuni makubwa ya India yaliyofanya kazi za Y2K. Tarehe 7 Januari 2009 mwenyekiti wake, Ramalinga Raju, alikiri kwa barua kwamba hesabu za kampuni zilikuwa za kupikwa.

Wengine wananiambia, basi tununue watengenezaji wa chipu, maana vifaa vingi vitatupwa. Chipu ndogo ya biti 32 inaweza kuhesabu saa kwa biti 64 bila taabu yoyote. Ni suala la programu. Vifaa vitakavyotupwa ni vile ambavyo mtengenezaji wake alifunga milango, au alifunga biashara, na hakuna wa kuandika kiraka. Vitabadilishwa kidogo kidogo kwa miaka kumi kama vinavyobadilishwa sasa. Huwezi kuupima mto huo kwenye bei ya hisa.

Sababu ya hasira yangu ni hii. Chama chetu tuko watu kumi na wanane, tunaweka pesa za ploti. Mwezi uliopita alialikwa bwana mmoja mwenye suti nzuri kutuelezea "fursa". Alitaka tutoe shilingi laki nne kati ya tulizochanga, tununue hisa za kampuni ya nje ambayo, alisema, ina mkataba wa kurekebisha 2038 katika mabenki. Hisa hazijaorodheshwa katika soko lolote. Malipo yatumwe kwa M-Pesa, kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Mweka hazina wetu, mama ambaye hajawahi kuandika mstari wa programu maishani mwake, alimuuliza swali ambalo mimi mwenye shahada nilikuwa bado nalitafutia maneno: "Sasa baba, hiyo kampuni Februari ya mwaka huo itakuwa inauza nini?"

Bwana yule alijibu kwamba hii ni kama kununua Safaricom mwaka 2008, msikae mkajuta.

Haya, tuongee Safaricom. Hisa iliuzwa shilingi 5 mwaka 2008, watu wakapanga foleni, maombi yakazidi hisa zilizokuwepo mara kadhaa. Mwaka uliofuata ilishuka chini ya shilingi 3. Waliokopa benki kununua wanakumbuka ladha ya miezi ile. Ilipanda baadaye, ndiyo, kwa sababu Wakenya hununua muda wa maongezi kila siku na M-Pesa haina tarehe ya kufa. Ukitaka kulinganisha kampuni hiyo na duka la kurekebisha tarehe, linganisha pia mgomba na maua ya arusi.

Na kwenye soko letu la hisa la Nairobi hakuna kampuni hata moja ambayo kazi yake ni kurekebisha 2038. Anayekuuzia hisa za namna hiyo hapa anakuuzia kitu nje ya soko, na kabla hujagusa simu ingia kwenye orodha ya waliopewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA, utafute jina lake. Ni dakika tano. Sisi tulitafuta. Ploti bado tunayo.

Lakini kama una pesa na kweli unaogopa 2038, kuna mahali pa kuitia, na hapana broshua.

Wakati fulani niliitwa na sacco moja (jina linabaki kwangu) kuangalia kwa nini taarifa za baadhi ya mikopo zinaonyesha tarehe ya mwisho ya kulipa ikiwa sifuri tupu. Sifuri kwenye mwaka, sifuri kwenye mwezi, sifuri kwenye siku. Ilikuwa mikopo ya nyumba ya muda mrefu. Karani alikuwa amezoea kuandika tarehe sahihi kwa kalamu juu ya karatasi iliyochapishwa, na mwanachama mmoja alikuwa amekataa kusaini, na nampa pongezi. Nilipofungua hifadhidata nikakuta MySQL, na safu ya tarehe ya mwisho imewekwa kwa aina ya TIMESTAMP. Aina hiyo inaishia pale pale, 19 Januari 2038. Ukiipa tarehe ya mwaka 2039 na mfumo haujawekwa mkali, haipigi kelele. Inanong'ona onyo ambalo hakuna anayelisoma, inaandika sifuri, inaendelea na kazi.

Mnaona? Tatizo la 2038 halingojei 2038. Mkopo wa miaka kumi na mitano ulioandikwa 2024 unaishia 2039. Pensheni, bima ya maisha, hati za ukodishaji ardhi, vyeti vya usalama vya seva, vyote vinachungulia mbele ya mstari ule tangu leo.

Kubadilisha safu ile iwe DATETIME ni amri ya mstari mmoja. Kilichokula wiki tatu ni kutafuta kila ripoti, kila hesabu ya riba na kila ujumbe wa simu unaoisoma safu hiyo, kisha kuhakikisha pamoja na mhasibu kwamba namba za jana na za leo zinalingana. Nililipwa kwa wiki tatu, nikashukuru, nikaondoka. Hakuna aliyeweza kununua hisa zangu. Faida yote ilibaki kwa wanachama wa sacco, ambao hawajui hata kama nilikuja.

Pesa za kurekebisha tarehe zinafanya kazi hivyo. Zinatolewa na mwenye mfumo, zinaenda kwa mtu mwenye kibodi, na manufaa yanamrudia mwenye mfumo. Katikati hapana kiti cha dalali. Kwa hiyo wewe mwanachama wa sacco, mkutano mkuu wa mwaka ukifika na mwenyekiti akauliza kama kuna jingine, simama. Uliza bajeti ya matengenezo ya programu ni shilingi ngapi. Mara nyingi utakuta kuna bajeti ya tarakilishi mpya, bajeti ya fulana zenye nembo, na kwenye matengenezo pana kistari. Wakuu hupenda kununua, hawapendi kutunza. Mfumo uliowekwa 2011 na kijana aliyeko Doha sasa hauna mtu anayeujua, na nenosiri lake liko kwenye daftari ambalo limehama ofisi mara mbili.

Tena usikubali jibu la "mfumo wetu uko kwenye wingu". Wingu ni tarakilishi ya mtu mwingine, na safu ya TIMESTAMP haijali iko kwa nani.

Kama mwenyekiti atakutazama kwa jicho la kukunyamazisha, mpe jaribio. Haligharimu kitu. Waombe wafungue nakala ya majaribio ya mfumo, siyo ule unaofanya kazi (tafadhali sana, siyo ule), waandike mkopo wa kubuni wa shilingi elfu kumi, mwisho wa kulipa tarehe 20 Januari 2038. Wahifadhi. Waufunge mfumo, waufungue tena, wachapishe taarifa ya mkopo huo, wakuletee karatasi usome tarehe kwa macho yako.